Kusoma Picha ya Tumbo la Mbwa na Paka

Maneno niliyoyasema katika redio yamepigwa chapa hapa yote, ili wale ambao yaliwapita upesi wapate kuyasoma pole pole, kila mtu peke yake au pamoja na mwalimu wake. Tafadhalini, kila mmoja awe na penseli na karatasi. Kuna kuchora kidogo, kuna hesabu moja, na mwisho kuna barua fupi ya kuandika.

Tumekwisha kusoma herufi, tumekwisha kusoma tarakimu. Leo tutasoma picha. Si ile picha ya mtu aliyevaa nguo zake nzuri na kusimama mbele ya mpiga picha. Ni picha ya eksirei, inayoonyesha ndani ya mwili, nayo ni ya tumbo la mbwa au paka.

Labda mmoja wenu atauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi? Hiyo si kazi ya daktari wa wanyama?" Ni kweli, kuisoma ni kazi ya daktari. Lakini mbwa ni wako. Wewe ndiwe utakayeulizwa, "Tumpasue leo, au tungoje mpaka kesho?" Na wewe ndiwe utakayelipa. Mtu akionyeshwa kitu asichokielewa hata kidogo, ama hukubali kila neno, ama hukataa kila neno, na yote mawili yaweza kumwua mbwa. Tena yapo mambo ambayo picha haiwezi kuyasema kamwe, na anayeyajua ni mwenye mnyama peke yake. Hayo ndiyo nitakayoyakazia zaidi.

Miale ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani mmoja, Wilhelm Conrad Röntgen, katika mji wa Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Miale hiyo hupita mwilini, lakini haipiti sawasawa kila mahali. Mnyama hulazwa mezani, miale hutoka juu, na chini yake huwekwa kibao cha kuipokea. Mahali miale ilipofika kwa wingi, picha huwa nyeusi. Mahali ilipozuiwa, picha hubaki nyeupe. Kwa hiyo mnachokitazama ni vivuli vya vitu vilivyo ndani.

Sasa chukueni penseli. Choreni miraba mitano katika mstari mmoja. Mraba wa kwanza upakeni mpaka uwe mweusi kabisa. Hiyo ni hewa, haizuii miale. Wa pili uwe wa kijivu kizito. Hayo ni mafuta ya mwilini, yaani shahamu. Wa tatu uwe wa kijivu chepesi. Hayo ni maji na nyama. Wa nne uacheni karibu mweupe. Huo ni mfupa, na mawe mengi ya kibofu huwa rangi hiyo pia. Wa tano msiuguse. Hicho ni chuma: sindano, sarafu, msumari, ndoana. Basi, hizo ndizo rangi za picha ya eksirei, tano tu. Aliyezijua amekwisha jua alfabeti yake.

Tazameni tena mraba wa tatu, maana hapo ndipo penye taabu. Maji na nyama vina rangi moja. Ini, wengu, figo, damu, mkojo, usaha, vyote ni kijivu kile kile. Hata ukuta wa kibofu na mkojo uliomo ndani yake huwezi kuvitenganisha. Sasa daktari hujuaje ini limeishia wapi na figo imeanzia wapi? Hujua kwa sababu ya shahamu. Viungo vya tumbo vimezungukwa na shahamu kidogo, na kile kijivu kizito ndicho kinachochora mpaka. Mashamba mawili ya mahindi ukiyaona kwa mbali huwezi kujua la huyu limeishia wapi na la yule limeanzia wapi, mpaka uone njia iliyopita katikati. Shahamu ndiyo njia hiyo.

Kutokana na hayo tunapata jambo la kwanza la kuangalia. Mbwa aliyekonda sana hana shahamu, hana njia kati ya mashamba. Picha yake ina ukungu, kila kitu kimeungana na mwenziwe. Mtoto wa mbwa naye ni hivyo hivyo. Lakini mbwa ambaye tumbo lake limejaa maji au damu, au ambaye utumbo umetoboka na sumu imeenea tumboni, picha yake nayo ina ukungu, kwa kuwa njia zimefurikwa. Picha mbili zaweza kufanana, na mmoja ana njaa tu, mwingine yu karibu kufa. Daktari hatoki hapo kwa kuikazia macho picha. Humrudia mbwa mwenyewe. Je, tumbo lake limeingia ndani na mbavu zinahesabika, au limetoka nje na kuning'inia? Ana homa? Tumbo linauma likiguswa? Kisha atachoma sindano ndogo aone kama kuna maji, au atatumia mashine ya mawimbi ya sauti, ile wanayotazamiwa akina mama wajawazito.

Kuna alama moja ya kutoboka ambayo daktari huitafuta kwa makini. Kati ya kifua na tumbo kuna ukuta mwembamba wa nyama. Someni jina lake pole pole: ki-wa-mbo. Ini limeegemea kiwambo, na kati yao hapapaswi kuwa na hewa. Ikionekana hewa nyeusi hapo, maana yake hewa imetoka mahali pake, na mara nyingi ni utumbo uliotoboka. Hapo hapana kungoja. Lakini mnyama aliyepasuliwa tumbo siku chache zilizopita, mathalan jike aliyefungwa uzazi, huweza kuwa na hewa iliyobaki tangu siku ya kupasuliwa. Picha haitasema ni hewa ya lini. Atakayesema ni wewe.

Sasa, kwa nini daktari hupiga picha mbili au tatu, na kila moja ina gharama yake? Wengine hunung'unika na kudhani wanaibiwa. Chukueni sarafu. Itazameni usoni: ni duara. Igeuzeni kwa ubavu: ni mstari tu. Ndivyo ilivyo katika picha. Kitu kimoja kikitazamwa upande mmoja hudanganya. Kwa hiyo mbwa hulazwa ubavu, kisha hulazwa chali.

Tena kulala ubavu wa kulia si sawa na kulala ubavu wa kushoto. Tieni maji nusu katika chupa, ifungeni, kisha ilazeni. Hewa iko wapi? Iko juu. Igeuzeni, hewa nayo imehama, imekwenda juu tena. Mfuko wa chakula wa mbwa ni chupa ya namna hiyo. Sehemu yake pana iko kushoto, na mlango wa kutokea kwenda utumboni uko kulia. Akilazwa ubavu wa kulia, hewa hupanda kwenye ile sehemu pana, na maji hutuama mlangoni. Kitu kilichokwama mlangoni, kama si mfupa wala chuma, kimo ndani ya maji yenye rangi moja nacho, hakionekani. Mlazeni ubavu wa kushoto: hewa inahamia mlangoni, inakizunguka kile kitu, nacho kinatokeza kama jiwe mtoni maji yanapopungua. Picha hiyo ya pili ndiyo iliyowaokoa mbwa wengi.

Kwenye picha mtaona herufi moja ya chuma, R au L. R ni kulia, L ni kushoto, kwa lugha ya Kiingereza. Mbwa akiwa chali, picha hutundikwa kana kwamba amesimama akikuelekea, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwako. Msishangae.

Jicho la mtu huvutwa na kinachong'aa. Mbwa wetu wengi hutupiwa mifupa, na si ajabu kuona vipande vyeupe tumboni mwao. Asiyezoea huruka moja kwa moja, "Huo mfupa ndio ugonjwa!" Pengine mfupa unapita zake tu bila kumdhuru mtu, na ugonjwa uko kando, haung'ai hata kidogo. Kwa sababu hiyo daktari mwenye mazoea mema huanzia pembeni: uti wa mgongo, mbavu, nyonga, ukuta wa tumbo. Ndipo huingia ndani: ini, mfuko wa chakula, wengu, figo, kibofu. Matumbo huyaacha mwisho, kwa kuwa ndiyo yenye maneno mengi.

Tuyaseme basi hayo matumbo, na tuanze na gunzi. Wengine huliita guguta. Nalitaja kwa sababu kwetu ni la kila siku. Mahindi ya kuchoma huliwa njiani na uani, gunzi hutupwa, na mbwa hulimeza kwa harufu ya chumvi. Gunzi haliyeyuki tumboni. Laweza kukaa katika mfuko wa chakula siku nyingi, hata majuma, bila mbwa kuonekana mgonjwa sana, kisha siku moja likaingia utumbo mwembamba na kuuziba. Hapo mbwa hutapika, hula na kutapika, na mwishowe hutapika hata maji.

Gunzi si jeupe katika picha. Si mfupa. Lakini lina vishimo vile vilivyokuwa na punje, navyo hushika hewa. Kwa hiyo huonekana kama kipande cha kijivu chenye vidoa vyeusi vidogo vidogo, vimepangwa safu kwa safu. Chakula cha kawaida na kinyesi navyo huwa na vidoa vya hewa, lakini vidoa hivyo vimetapakaa ovyo. Safu zilizonyooka hivyo ni za gunzi. Likilowa sana, vishimo vikajaa maji, huonekana kwa shida, na wakati mwingine halionekani kabisa.

Basi likiwa halionekani, daktari atajuaje? Ataacha kulitafuta gunzi, atatafuta kazi yake. Mfereji ukizibwa, maji hujaa nyuma ya kizibo, na mbele yake hukauka. Matumbo nayo ni hivyo. Sehemu iliyo kabla ya kizibo hupanuka, imejaa maji na hewa. Sehemu iliyo baada yake ni nyembamba kama kawaida. Daktari akiona matumbo ya aina mbili katika mbwa mmoja, manene na membamba, hushuku kwamba kuna kitu kimeziba, hata kama hakioni.

Lakini "nene" ni kiasi gani? Mbwa wako ni mdogo, wa jirani ni mkubwa kama ndama. Ndipo tunapofika kwenye hesabu. Mbwa hupimwa kwa mfupa wake mwenyewe. Uti wa mgongo umeungwa kwa pingili, na kiunoni mbwa ana pingili 7. Daktari huchukua ya 5, akapima kimo cha kiwiliwili chake katika picha ya ubavu. Utumbo mwembamba ukizidi kimo hicho mara 1.6, huanza kushuku. Ukizidi mara 2, hushuku sana. Fanyeni hesabu hii: pingili ina milimita 12. Zidisheni kwa 1.6. Mmepata 19.2. Sasa utumbo una milimita 27. Je, umezidi? Umezidi hata mara 2, maana 12 mara 2 ni 24. Kwa paka mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa paka karibu wote wana ukubwa mmoja. Utumbo mwembamba wa paka ukizidi milimita 12 hivi, una neno.

Hata hivyo namba si hakimu. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akipatwa na parvo hutapika sana, na matumbo yake huvimba kwa maji na hewa. Ukimtazama haraka utasema ameziba. Ukimpasua, umempasua mtoto mgonjwa ambaye hana kizibo chochote, na huenda asiinuke tena. Tofauti ni kwamba katika parvo kwa kawaida matumbo huvimba yote kwa kadiri, si nusu manene na nusu membamba. Lakini si kila mara tofauti hiyo iko wazi. Kuna kipimo cha kinyesi kinachotambua parvo kwa dakika chache, na kuna swali moja rahisi zaidi kuliko kipimo chochote: mbwa huyu alichanjwa? Mara ngapi? Ile kadi ya chanjo iliyotupwa kabatini ndiyo inayosaidia kuisoma picha.

Paka ana hila yake nyingine. Yeye hachukui gunzi, hupenda uzi. Paka wa fundi cherehani hasa yumo hatarini. Huucheza uzi, huumeza, na pengine sindano imo mwishoni. Sindano itaonekana kama mstari mweupe kabisa, hata mtoto ataiona. Uzi hautaonekana hata kidogo. Lakini ncha moja ya uzi hushika mahali, mara nyingi chini ya ulimi au mlangoni mwa mfuko wa chakula, na ncha ya pili huvutwa na matumbo yanayojisogeza. Matumbo hayaendi popote. Hujikusanya juu ya uzi. Ninyi mnaoshona mnajua: ukivuta uzi mmoja katika kitambaa, kitambaa chote hukunjamana marinda. Matumbo ya paka huyo huwa marinda, yamerundikana mahali pamoja. Na hewa iliyomo, badala ya kuwa na umbo la mrija, hukatika vipande vidogo vyenye umbo la alama ya mkato. Ndiyo, ile alama ya mkato tuliyojifunza kuiweka katika sentensi. Paka anayetapika, na tumboni mwake kuna alama za mkato zimekusanyika pamoja, hapana budi afunuliwe mdomo na kutazamwa chini ya ulimi.

Nawaomba jambo moja hapa. Mkiona uzi unaning'inia mdomoni mwa paka, au unatokea nyuma, msiuvute. Ndani umekaza kama waya, nao waweza kuyakata matumbo. Msimpe mafuta ya kula ati uteleze. Mpelekeni.

Sasa ugonjwa ambao haungoji kesho. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama wale wa Kijerumani wanaolinda nyumba mijini, huweza kupatwa na mfuko wa chakula uliojaa hewa na kupinduka. Tumbo linavimba, linalia kama ngoma ukiligonga. Mbwa anajaribu kutapika na hakuna kitu kinachotoka ila mate. Anahangaika, hakai. Picha yake hupigwa ubavu wa kulia, na kwa kawaida hiyo moja yatosha. Mtaona mfuko mkubwa sana, mweusi, na ndani yake mkunjo wa kijivu unaougawa sehemu mbili, kama puto mbili zilizoungana. Ile ndogo iko juu kuelekea mgongoni, nayo ndiyo ule mlango ambao ungepaswa kuwa chini. Mfuko uliojaa hewa bila kupinduka hauna mkunjo huo. Kwa hiyo mstari mmoja wa kijivu ndio unaoamua kama mbwa atapasuliwa. Aliyepinduka haponi kwa dawa peke yake. Hupunguzwa hewa, hutiwa maji katika mshipa, kisha hupasuliwa na mfuko kurudishwa mahali pake. Saa chache tu ndizo alizo nazo. Mkiziona dalili hizo usiku, msiseme "tutaona asubuhi".

Mengine nayasema upesi. Mawe ya kibofu: mengi huonekana meupe, lakini yapo ya aina nyingine ambayo mara nyingi hayaonekani, kwa hiyo picha safi si hati ya kusema hakuna jiwe. Paka dume anayechuchumaa bila mkojo kutoka, kibofu chake huonekana kikubwa kama chungwa. Huyo naye ni wa leo, si wa kesho. Jike aliyejaa usaha katika mji wa mimba huonekana na mrija mnene wa kijivu karibu na kibofu. Mbwa mwenye mimba: mimba yake ni siku 63 hivi, na mifupa ya watoto haionekani mpaka takriban siku ya 45. Wakihesabiwa vichwa na migongo katika juma la mwisho, siku ya kuzaa mtajua kama mmoja amebaki ndani. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Na picha isipoeleweka? Daktari mwema husema wazi kwamba haieleweki. Humtia mbwa maji, kisha hupiga picha nyingine baada ya saa kadhaa, au kesho yake, akazilinganisha. Hewa ikiwa imesogea, ni dalili njema. Utumbo ule ule ukiwa umevimba mahali pale pale, au zaidi, hiyo ni habari nyingine. Msidhani amekosea mara ya kwanza. Hata hadithi huwezi kuielewa kwa kusoma ukurasa mmoja. Na daktari akisema, "Picha haionyeshi kitu," mwulizeni kwa adabu: je, hakuna kitu, au hakionekani? Maneno hayo mawili si mamoja.

Mtaambiwa mtoke chumbani wakati wa kupiga. Si dharau. Miale haionekani, haina harufu, haiumi, lakini ikimpata mtu mara kwa mara humdhuru. Wajawazito na watoto wasiingie kabisa. Mkisogea mbali mara mbili, miale inayowafikia hupungua mpaka robo. Wenye kazi hiyo huvaa aproni za risasi, nazo huwakinga na miale iliyotawanyika tu, si ile inayotoka moja kwa moja katika mashine. Kwa hiyo hata wao hawapaswi kutia mkono mahali panapopigwa. Ndiyo maana mbwa hupewa dawa ya kumtuliza badala ya kushikwa na watu wanne.

Mashine hizi haziko kila wilaya. Madaktari wa wanyama hufundishwa Morogoro katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Kampala katika Chuo Kikuu cha Makerere, lakini wengi wenu mko mbali na miji hiyo. Labda mbwa atasafirishwa na kijana wa nyumbani, na wewe utabaki shambani. Labda picha itatumwa kwa simu kwa daktari mwingine asiyemwona mbwa. Kwa hiyo kinachopaswa kwenda pamoja na mbwa ni karatasi iliyoandikwa. Hapa ndipo kusoma na kuandika kwenu kunapofanya kazi. Tazameni mfano:

"Mbwa dume, miaka 3, kilo 24. Alianza kutapika Jumanne asubuhi. Sasa anatapika hata maji. Alikula mara ya mwisho Jumatatu jioni, ugali na mifupa ya kuku. Kinyesi cha mwisho Jumatatu. Jumapili tulichoma mahindi, magunzi yalitupwa uani, hatukuyahesabu. Hajapasuliwa kamwe. Chanjo amepata, kadi imo ndani ya bahasha. Hatujampa dawa yoyote."

Kila mstari una kazi. Mifupa ya kuku ikionekana, daktari hatashtuka, ameambiwa. "Hajapasuliwa" inamwambia kwamba hewa penye kiwambo, ikiwapo, si ya zamani. "Magunzi" inamfanya atafute safu za vidoa, na asipoziona, apige picha ya ubavu wa pili kabla ya kusema hakuna. Na mstari wa dawa msiuache kamwe, hasa kwa paka, kwa maana wapo wanaowapa parasetamoli ya watu, nayo ni sumu kwa paka. Mkiwa mmempa, andikeni, msione haya. Daktari hakukaa kuhukumu, anataka kujua tu.

Kwa kazi ya juma hili, kila mmoja aandike karatasi ya namna hiyo juu ya mbwa au paka wa nyumbani kwake, au wa jirani, isizidi mistari kumi. Anzeni na jinsia, umri na uzito. Siku ziandikwe kwa majina, si "juzi" wala "majuzi", kwa sababu juzi ya anayeandika si juzi ya anayesoma. Mpeni mwalimu wenu kabla ya somo lijalo. Kwaherini.